Mfua nguo wa Kakuma aliyeipelekea Lodwar hesabu ya miiba

Saa tatu na nusu asubuhi, Nawoi Longor anatandaza kitambaa cha kijani juu ya sanduku la mbao lenye kioo. Anabonyeza swichi, taa inawaka chini ya kioo. Anainama, miwani imemshukia hadi katikati ya pua, anakivuta kitambaa polepole kutoka pembe moja hadi nyingine.

Mlangoni amesimama Pascaline, muuguzi kutoka Kongo ambaye kazi yake ni kuviingiza vyombo vya upasuaji kwenye mashine ya mvuke.

"Mama Nawoi, bado?"

"Bado."

"Mashine imeshapata moto, mama. Jenereta inakula mafuta ya bure."

"Wacha ikule. Hata mimi nilikunywa chai ya bure hapa asubuhi."

Pascaline anaguna, anacheka. Nawoi ameshafika pembe ya mwisho. Anasimama wima, anakikunja kitambaa na kukitupa kwenye ndoo nyekundu.

"Hii iko na nyota moja. Haipiti."

Anachoita nyota ni tundu dogo kuliko kichwa cha pini. Kitambaa hicho ndicho hufungia mikasi, visu na koleo za upasuaji kabla ya kuchemshwa kwa mvuke. Mvuke unaua vijidudu, na kitambaa ndicho huvizuia visirudi. Kikitoboka, vumbi la Kakuma linaingia, na mama aliyepasuliwa ili ajifungue anarudi nyumbani na mshono uliojaa usaha.

Wenzake wamempachika jina, Mkaguzi wa Nyota. Hajalikataa.

"Mimi nafua nguo," anasema. "Nafua damu ya watu. Hiyo ndiyo kazi yangu na sioni haya kuisema mbele ya mtu yeyote."

Ana sababu ya kutembea kifua mbele. Kama si yeye, chumba cha upasuaji, au thieta kama wanavyokiita wenyewe, cha hospitali hii ndogo ya vitanda arobaini, kati ya mji wa Kakuma na barabara ya Kalobeyei, kingekuwa kimefungwa tangu mwaka jana.

Nawoi ana miaka arobaini na sita na watoto watano. Alizaliwa Kataboi, karibu na ziwa, baba akivua samaki na mama akichunga mbuzi. Alisoma hadi darasa la sita. Ukame ukala mbuzi, na shule ikaishia hapo.

Akaenda Lokichoggio enzi zile ndege za misaada zilipokuwa zikiruka kutwa. Huko alifua na kupiga pasi nguo za marubani. "Rubani hataki kifungo kikose hata kimoja. Pale ndipo nilijifunza kuhesabu," anasema. Ndege zilipopungua, na kazi ikapungua. Akapanda lori hadi Kakuma, akaomba kibarua hospitalini. Alianza kwa shilingi mia tatu kwa siku.

Alizikuta kamba za kuanikia nguo nyuma ya jengo. Baadaye mfadhili mmoja alileta kontena, likahitaji mahali pa kukaa, kamba zikang'olewa. Hakuna aliyeuliza nguo zitaanikwa wapi, kwa sababu jibu kila mtu wa Turkana analo. Zinatandazwa juu ya ua.

Ua wa hospitali ni wa matawi ya mathenge, yale ya miiba mirefu. Nguo ikitandazwa pale haipeperuki hata upepo uje namna gani, na kwa saa moja imekauka. Shuka za wodi zilikwenda pale. Vitambaa vya chumba cha upasuaji navyo vikaenda pale.

"Nyumbani kwangu naanika hapo. Kwa mama yangu tulianika hapo. Ningejua vipi?" anauliza Nawoi.

Mwaka jana, kati ya Januari na Juni, akina mama mia moja na kumi na wawili walijifungua kwa upasuaji katika hospitali hiyo. Kumi na tisa vidonda vyao vilioza.

Mmoja wao ni Elyse, mkimbizi kutoka Burundi mwenye miaka ishirini na minne, anayeishi Kalobeyei. Alikwenda kujifungua akijua atalala siku nne, akalala thelathini na moja. Mtoto wake mkubwa alilelewa na majirani muda wote huo.

"Nilikuwa nanuka, nilikuwa naona haya hata mume wangu akikuja kuniona," anasema Elyse. "Na waliniambia ni mimi siogi vizuri. Mimi naoga mara mbili kwa siku, hata maji ikiwa kidogo."

Hivyo ndivyo lawama ilivyokuwa ikigawanywa. Mgonjwa akiwa mkimbizi, ilisemwa kambi imejaa mno. Akiwa mke wa mfugaji, ilisemwa amepaka mafuta kwenye kidonda. Wengine waliilaumu mashine ya mvuke, na mashine mpya ilikuwa na bei ya shilingi milioni tatu na laki mbili, fedha ambazo hakuna aliyekuwa nazo.

Julai ikaja barua kutoka Lodwar, kwenye ofisi ya shirika linaloiendesha hospitali. Kamati ya fedha ingekutana tarehe kumi na sita Agosti kuamua kama upasuaji usimamishwe Kakuma. Mama aliyekwama na uchungu wa uzazi angepakiwa kwenye gari hadi Lodwar, kilomita zaidi ya mia moja na ishirini.

Pascaline anakumbuka siku barua iliposomwa. "Mimi nilijiuliza, bon, yule anayetoka damu, atafika Lodwar akiwa bado anapumua?"

Msimamizi wa hospitali, Adome, kijana wa Lodwar mwenye maneno machache, alikuwa ametoka kwenye semina ya kuboresha huduma. Aliwaambia wafanyakazi jambo aliloleta kutoka huko, kwamba kamati haiguswi na machozi.

"Niliwaambia, mwenye wazo aniletee karatasi moja," anasema Adome. "Tatizo ni nini. Kuliacha kunagharimu pesa ngapi. Kulitatua pesa ngapi. Na ni siku gani tutajua kama tumefaulu au tumeshindwa. Nilingoja madaktari."

Madaktari hawakuleta. Walikuwa wachache na walikuwa na wagonjwa.

Wiki ya pili baada ya barua, Nawoi alikuwa akivuka uwanja wa hospitali saa saba mchana, na jua la saa hiyo wanaolijua wanalijua. Alikuwa amebeba vitambaa vilivyokauka. Akafanya jambo lililokatazwa, akajifunika kimoja kichwani.

"Hiyo usiandike," anasema, halafu anabadili mawazo. "Ah, andika. Ndiyo ukweli."

Alipoutazama mkono wake, aliona umejaa vidoadoa vya mwanga. Alidhani ni wadudu. Akapangusa, havikutoka. Akakivua kitambaa, akakiinua juu kuelekea jua.

"Niliona mbingu ya usiku, mchana. Nikaangalia ya pili, hivyo hivyo. Nikaangalia ua. Nikaketi chini pale pale kwenye mchanga."

Angeweza kunyamaza. Lakini siku hiyo alikuwa ametoka kufua shuka za kitanda cha Elyse kwa mara ya tano.

Sasa kuona tundu ni jambo moja, na kuishawishi kamati ni jingine. Hapo ndipo mbuzi mmoja alipomsaidia Nawoi bila kutaka. Mwaka wake wa kwanza kazini, mbuzi alikula kitambaa cha upasuaji kilichoanikwa uani, akabakiza upindo tu. Nawoi akakatwa shilingi mia sita. Tangu siku hiyo alikuwa na daftari. Kila furushi lilipewa namba, akaandika limetoka na vitambaa vingapi, limerudi na vingapi, na limeanikwa wapi.

Hilo la wapi lilikuwa na maana. Baadhi ya mafurushi, kwa kuogopa vumbi la siku za upepo mkali, aliyaanika siku zote ndani ya stoo ya zamani kwenye waya mbili zilizobaki. Stoo ni finyu na nguo zinachelewa kukauka, kwa hiyo hakuipenda. Ila aliiandika.

Na namba ya furushi huandikwa pia kwenye daftari la upasuaji. Jioni tatu mfululizo baada ya zamu, Nawoi na Pascaline waliketi, mmoja akisoma na mwingine akiweka alama.

"Mimi nilikuwa nasema namba, yeye anasema ua au stoo," anasimulia Pascaline. "Kidonda kibovu, ua. Kidonda kibovu, ua. Nilianza kuogopa kusema namba."

Walipomaliza, hesabu ilikuwa hivi. Akina mama arobaini na mmoja walipasuliwa kwa vyombo vilivyofungwa na vitambaa vya stoo, na wawili kati yao vidonda vilioza. Sabini na mmoja walikuwa wa vitambaa vya ua. Kumi na saba kati yao vidonda vilioza. Ni karibu mmoja kwa kila wanne.

Adome akasaidia upande wa fedha. Kila mama aliyeoza kidonda alilala siku tisa zaidi kwa wastani, na dawa zake, bandeji na chakula viligharimu shilingi elfu ishirini na saba. Kwa wote kumi na tisa, ni laki tano na elfu kumi na tatu.

Upande wa pili wa karatasi ulikuwa mfupi. Waya, nguzo za chuma na paa la neti la kuzuia vumbi, elfu themanini na sita. Vitambaa vipya sitini vya tabaka mbili, elfu ishirini na saba. Sanduku la kukagulia lenye taa, elfu nne na mia tano. Jumla laki moja, elfu kumi na saba na mia tano.

Adome aliisoma karatasi mara mbili.

"Mama, hii ni nzuri. Lakini unajua umeandika jina la nani humu?"

"Langu."

"Watauliza nani alikuwa anaanika uani."

"Wakiuliza nitajibu."

"Mkataba wako unaisha Oktoba."

"Najua, mkubwa. Na thieta inaisha Agosti."

Kabla ya kwenda Lodwar, Nawoi alipanda pikipiki hadi Kalobeyei. Alitaka Elyse alisikie jambo hilo kutoka kinywani mwake. Akaketi nje ya nyumba, akaeleza yote, kuanzia ua hadi kidonda.

"Nilikamata mtoto wangu, nikamnyonyesha," anasema Elyse. "Nilikuwa na hasira, nisiseme uongo. Kisha nikamwambia, basi mama, enda useme hivyo hivyo mbele yao. Wasiseme tena sisi ni wachafu."

Tarehe kumi na sita Agosti, Nawoi aliingia chumba cha mikutano Lodwar akiwa na mfuko wa plastiki na shanga zake zote shingoni. Watu watano walizunguka meza. Adome akaanza kueleza kwa Kiingereza, picha zikimulikwa ukutani na projekta. Dakika kumi zikapita. Mmoja wa wajumbe alikuwa akisoma simu yake.

Mwenyekiti wa kamati ni Mama Namuar, mfanyabiashara mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini. Alimkatiza Adome, akamgeukia Nawoi, akamsalimu kwa Kiturkana kisha akaendelea kwa Kiswahili.

"Ejok, mama. Hii hesabu ni yako?"

"Ejok-nooi. Ni yangu na ya Pascaline."

"Hii bei ya waya umeitoa wapi?"

"Niliuliza kwenye duka lako, mama, na kwa jirani yako. Nimeandika ya jirani. Yako iko juu."

Chumba kikaangua kicheko. Mjumbe aliyekuwa akisoma simu akaiweka chini.

"Endelea," alisema Mama Namuar, akijizuia kucheka. "Na hayo matundu, sisi tutayaaminije?"

Nawoi akafungua mfuko. Akatoa kitambaa, akakishika kwa mikono miwili mbele ya mwanga wa projekta. Kivuli kikafunika ukuta mzima, na ndani ya kivuli yakatokea madoa ya mwanga, mamia kwa mamia.

"Hii ilifunga mkasi uliokata tumbo la mtu," alisema Nawoi.

Swali ambalo Adome aliliogopa likaja sasa, kutoka kwa mjumbe mmoja wa upande wa dirishani. Nani aliamua vitambaa hivi vianikwe juu ya miiba?

"Ni mimi. Miaka mingi. Hakuna mtu alinituma. Wale kumi na saba nimeandika majina yao, na mmoja nimeenda nikamwambia uso kwa uso. Mkitaka kunifukuza, mnifukuze. Lakini msifunge thieta kwa kosa ya mimi, kwa sababu nyinyi mkifunga, mtu atakufa njiani na hiyo haitakuwa kosa yangu peke yangu."

Adome anasema alikuwa akitazama viatu vyake.

Mama Namuar akawauliza wenzake, mmoja mmoja, nguo zao wenyewe huanikwa wapi nyumbani. Watatu kati ya watano walisema juu ya ua. Yeye akiwa mmoja wao.

Kamati ilitoa fedha, lakini haikutoa bure. Ilitoa miezi mitatu. Vidonda vilivyooza vikizidi vitano kwa kila upasuaji mia moja, chumba kingefungwa bila mjadala mwingine.

"Watu huja kwangu na huruma," anasema Mama Namuar kwa simu kutoka Lodwar. "Picha za watoto, machozi. Huyu alikuja na bei, na alikuja na kosa lake mkononi. Mtu wa namna hiyo ukimpa shilingi, unajua itakwenda wapi."

Mambo hayakunyooka mara moja. Upepo wa wiki ya kwanza uling'oa paa la neti na kulitupa hadi nje ya lango. Nawoi akalirudisha, akalishona upya na kulifunga kwa waya. Baadhi ya wafanyakazi walinung'unika kwamba mfua nguo amekuwa bosi. Daktari mmoja aliwahi kumuuliza kwa dharau ni chuo gani kilimfundisha upasuaji.

"Nilimjibu, chuo cha sabuni," anasema.

Septemba hadi Novemba, akina mama hamsini na wanane walipasuliwa, na vidonda viwili vikaoza. Barua ya pili kutoka Lodwar ilikuwa na mistari minne tu. Chumba cha upasuaji kitaendelea. Pascaline aliisoma kwa sauti uwanjani, na akina mama wa Kiturkana waliokuwa wakingoja kliniki wakaanza kuimba bila kujua hasa wanaimbia nini.

Oktoba mkataba wa Nawoi ulikuwa umesogezwa hadi matokeo yajulikane. Desemba akaajiriwa rasmi. Mshahara wake ulipanda kutoka elfu kumi na tano na mia mbili hadi elfu ishirini na tatu na mia nane kwa mwezi.

Kufikia mwisho wa mwezi uliopita, miezi kumi na moja tangu waya zifungwe, wamepasuliwa akina mama mia mbili na kumi na wanne. Vidonda vilivyooza ni vinane. Kwa mwendo wa zamani vingekuwa thelathini na sita. Nawoi anaitaja tofauti hiyo kwa namna yake.

"Wanawake ishirini na nane. Walilala siku nne, wakaenda nyumbani kupika. Hawanijui. Hiyo ndiyo napenda."

Ila hao wanane hawajamtoka akilini. Sasa anafuatilia mmoja baada ya mwingine na Pascaline, na wanashuku maji ya kunawa mikono, ambayo huletwa na punda siku pampu ikiharibika. Tayari ameanza karatasi nyingine. Adome akimwona anakuja ofisini kwake siku hizi, hujishika kichwa.

"Mama, pumzika hata mwezi mmoja."

"Wewe ndiye ulisema karatasi moja. Hukusema mara moja."

Jumamosi anahudhuria masomo ya watu wazima mjini Kakuma. Anataka kumaliza darasa la nane, kisha aombe nafasi ya kusomea cheti cha usafishaji wa vyombo vya hospitali huko Lodwar. Amekwisha kuuliza ada. Anasema atakuwa na miaka hamsini atakapokipata, na kwamba hilo halimhusu mtu.

Jumatatu ijayo anaanza kazi nyingine. Ofisi ya Lodwar imemwomba azungukie vituo vyake vidogo, aanze na Lokichoggio kisha Kalokol, awafundishe wanaofua. Gari limeshapangwa.

Juzi simu yake iliita. Alikuwa Mou, kijana anayefua nguo katika zahanati moja ya Lokichoggio, ambaye hawajawahi kuonana. Baada ya salamu ndefu, Mou akaomba safari isogezwe mbele kwa wiki moja.

"Kwani kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama. Ni vile tunataka kwanza tutoe nguo kwa ua."

Nawoi alicheka mpaka akaishika meza.

"Ziache hapo hapo, kijana wangu," alimwambia. "Mimi zangu Lodwar nzima iliziona. Nakuja Jumatatu, tutaziangalia pamoja."